Nasaba ya Ngano: Kutoka Nyasi za Kaspi hadi Kikaango cha Temeke

Katika mitaa ya Tandika, Mtoni na Mbagala, wilayani Temeke jijini Dar es Salaam, kama katika ile ya Tandale na Mwananyamala upande wa pili wa jiji, kabla jua halijachomoza huwa wako akina mama waliokwisha kukanda donge, kulikata matonge, kuyasukuma na kuyatandaza juu ya kikaango, ili mpagazi, kondakta wa daladala na mwanafunzi wapate chapati na chai ya rangi kabla ya kushika njia zao. Wala hapana hata mmoja kati ya wale walao, na ni akali sana miongoni mwa wale wapikao, aliyepata kuuliza unga ule ni mtoto wa nani.

Swali hilo si la mzaha. Ngano haisitawi Temeke, wala Kinondoni, wala popote katika pwani hii ya joto na fukuto. Hutaka nyanda za juu na usiku wa baridi, na kwa sababu hiyo hapa Tanzania hupandwa Hanang na Basotu katika Manyara, Karatu na Monduli katika Arusha, Siha chini ya Mlima Kilimanjaro, Makete kule Njombe, na katika baadhi ya sehemu za Mbeya, Iringa na Rukwa. Mavuno ya huko kote, hata yakikusanywa pamoja, ni haba mbele ya haja ya nchi, na kilichopungua, nacho ndicho kingi, huletwa kwa meli kutoka Urusi, Australia na kwingineko, kikateremshwa bandarini na kupelekwa kusagwa katika vinu vya jiji. Vita vilipozuka Ukraine mwezi wa Februari 2022, wanawake wa Mbagala ambao hawajapata kuiona ramani ya Bahari Nyeusi waliisoma habari yake katika bei ya kiroba cha unga.

Lakini safari hiyo ya meli, pamoja na urefu wake, ni fupi ukiilinganisha na safari iliyofanywa na mbegu yenyewe hata ikawa ngano tuijuayo. Unga wa Temeke una nasaba, tena ndefu na yenye mchanganyiko kuliko ya sultani yeyote aliyepata kutawala visiwa na mwambao huu. Na siku hizi, ambapo wataalamu wa ulimwengu wanataka kuipatia ngano mbegu chotara kama ilivyopatiwa mahindi, nasaba hiyo imekuwa jambo la fedha, la siasa na la chakula, wala si hadithi ya wazee wa maabara peke yao.

Ngano ya mkate imezaliwa na ndoa mbili. Ya kwanza, iliyofungwa na upepo porini pasipo mkono wa mwanadamu, ilikuwa baina ya ngano mwitu na jamaa yake wa mbali katika jamii ya nyasi, na uzao wake ndio asili ya ngano ngumu ambayo hata leo hufanyiwa tambi. Ya pili ilitokea kadiri ya miaka elfu nane hadi kumi iliyopita, kusini ya Bahari ya Kaspi, pale ambapo wakulima wa kale walikuwa wamekwisha kupanda ngano hiyo ya kwanza na kandokando ya mashamba yao kukaota nyasi duni ambazo wanasayansi huziita Aegilops tauschii. Chavua ya nyasi hizo ikaingia katika ngano ya shamba, na badala ya kuzaa tasa, kama ilivyo ada ya ndoa za namna hiyo, ikazaa mmea wenye rutuba uliobeba kromosomu za wazee wote watatu, jumla yake 42. Hii ndiyo sababu kitabu cha vinasaba vya ngano kina herufi kiasi cha bilioni 16, zaidi ya mara tano ya kile cha mwanadamu, na ndiyo sababu kilichelewa kusomwa hata mwaka 2018 ulipotolewa usomaji wake uliokamilika.

Urithi wa yule mzee wa tatu si wa kudharauliwa. Mama wa Tandika anapolivuta donge lake likanyumbuka bila kukatika, na linapotoka kikaangoni likachambuka tabaka kwa tabaka, mvuto ule kwa sehemu kubwa ni wa protini zilizoletwa na nyasi za Kaspi. Na ndiyo maana unga wa ngano ngumu, ambayo haikupata kuoana na nyasi hizo, hufaa zaidi kwa tambi kuliko kwa mkate uumukao. Mpishi akilalamika kwamba unga wa wiki hii hauvutiki, anasema neno la kitaalamu kuliko anavyodhani.

Hata hivyo ndoa ile ya pili ilikuwa na kasoro moja: ilifungwa mara chache mno. Nyasi za Kaspi zina kabila nyingi, nyingine zikistahimili ukame, nyingine chumvi, nyingine wadudu na maradhi, lakini ni chache tu zilizobahatika kuingia katika ukoo wa ngano, na nyingine zote zikabaki nje ya mlango kwa miaka elfu nane. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kijulikanacho kwa jina la CIMMYT, kilichoundwa huko Mexico mwaka 1966, kimekuwa kikiifunga ndoa hiyo upya kwa mkono. Huchukuliwa ngano ngumu, ikapakwa chavua ya nyasi za Kaspi. Kiinitete kinachopatikana, ambacho kikiachwa katika suke hufa, hutolewa na kulelewa ndani ya chupa. Kisha mche wake hutiwa dawa ya kolchisini, itokanayo na ua moja la nchi za baridi, ili kromosomu zake ziongezeke maradufu na utasa uondoke. Mmea upatikanao ni mbaya wa sura, masuke yake ni magumu kupura na mavuno yake ni duni, wala hapana mkulima mwenye akili timamu atakayeupanda kwa ajili ya chakula. Kazi yake ni kuoana tena na ngano njema ili kuziingizia damu ambayo zilikosa tangu zamani.

Sasa na tuje karibu na nyumbani, maana katika habari hii Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji, ingawa kwa kawaida husimuliwa hivyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi wa Kiingereza, Lord Delamere, alijaribu kulima ngano Njoro nchini Kenya, katika ardhi ambayo hapo kabla ilikuwa malisho ya Wamasai, na mashamba yake yakaliwa na kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu unaopasua bua na kulifunika kwa unga mwekundu kama damu iliyokauka, hata suke likabaki na punje zilizosinyaa zisizofaa ila kwa kuku. Ili kuokoa mali yake aliajiri mtaalamu, wakaletwa wazazi wa ngano kutoka Italia, Australia na Misri, wakachanganywa. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikafungua rasmi kituo cha uzalishaji wa mbegu hapo Njoro. Mahali penyewe pana sifa ambayo ni balaa kwa mkulima na neema kwa mtafiti: palipo karibu na ikweta na juu ya mita 2,000, ngano inaweza kusimama shambani karibu mwaka mzima, na kwa hiyo kutu nayo haikosi pa kulala, huzaa na kugeuka bila kupumzishwa na baridi kali ya theluji. Mbegu iliyoweza kuishi Njoro ilikuwa imefuzu mtihani ambao haukupatikana penginepo duniani.

Ndipo ngano za Kenya zilipoanza kusafiri. Mzalishaji wa mbegu Norman Borlaug, aliyekuwa akifanya kazi Mexico tangu miaka ya 1940 na ambaye baadaye, mwaka 1970, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, alizitumia ngano za Kenya kuwa wazazi wa mbegu zake za mwanzo zenye kuhimili kutu; mojawapo iliitwa Kentana, jina lililounganishwa kutokana na Kenya na Mentana, nayo Mentana ilikuwa ngano ya Italia iliyotengenezwa na Nazareno Strampelli kwa kuchanganya damu ya Uholanzi, ya Italia na ya Japani. Hatima ikawa kwamba katika shamba moja la Mexico walikutana wazazi wa mabara matatu na zaidi. Baadaye Borlaug akaongeza Norin 10, ngano fupi ya Japani iliyotolewa mwaka 1935 na kupelekwa Marekani mwaka 1946, ambayo nayo, japo Mjapani kwa kuzaliwa, ilikuwa na mababu wawili kutoka Marekani. Ufupi huo ulizuia bua lisilale chini likirutubishwa kwa mbolea, na kwa sababu hiyo India na Pakistani zilivuna katika miaka ya 1960 mavuno ambayo hayakupata kuonekana kwao. Vitabu vingi husifu ufupi wa Mjapani; ni vichache vinavyotaja uvumilivu wa yule mzazi wa Njoro, nami naona hiyo ni dhuluma ndogo iliyokwisha kudumu muda mrefu wa kutosha.

Baada ya ushindi ule ulimwengu ulilala. Kutu ya shina ilihesabiwa kuwa maradhi ya historia, na wazalishaji wa mbegu katika nchi nyingi wakategemea mno kinasaba kimoja, kiitwacho Sr31, ambacho hakikutoka katika ngano bali katika rai, nafaka ya nchi za baridi za Ulaya, iliyooanishwa na ngano kwa ustadi mkubwa. Kinasaba hicho kilifanya kazi vizuri hata kikaenea katika mashamba ya mabara kadhaa, na kuenea kwake ndiko kulikokuwa hatari yake. Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere, kwenye vilima vya baridi vya kusini-magharibi ya Uganda, mtafiti wa Kiganda William Wagoire aliona kutu katika ngano ambazo hazikupaswa kuugua. Sampuli zikapelekwa Afrika Kusini, akazichunguza Zakkie Pretorius pamoja na wenzake, ikathibitika kwamba ukungu umejifunza kuivunja kinga ya Sr31. Ukapewa jina la Ug99. Ulionekana Kenya mwaka 2001, Ethiopia mwaka 2003, ukavuka bahari hadi Yemen mwaka 2006, ukafika Iran mwaka 2007, na mwaka 2009 ukatambuliwa Tanzania. Vipimo vilivyofanywa vilionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya ngano zilizokuwa zikilimwa duniani hazikuwa na kinga yoyote mbele yake.

Mwaka 2005 Borlaug, aliyekuwa amepita umri wa miaka 90, alipiga mbiu ya mgambo, na Njoro ikarudi katika kazi yake ya zamani kwa kiwango kikubwa zaidi. Chini ya watafiti kama Ruth Wanyera, aliyekuwa akiishughulikia kutu kituoni hapo, maelfu ya mbegu kutoka makumi ya nchi zilianza kuletwa na kupandwa katika vitalu ambavyo ugonjwa huachiwa kwa makusudi, ili iliyo dhaifu ife na iliyo na kinga ijulikane. Kenya yenyewe ilitoa mbegu mpya, miongoni mwake Kenya Robin, wakulima wakaipenda, na mwaka 2014 ikaonekana kwamba tawi jipya la ukungu uleule limempata Robin naye. Chuo Kikuu cha Eldoret kilitoa mwaka huohuo wa 2014 mbegu ya Eldo Ngano 1, iliyopatikana kwa kuzipiga mbegu mionzi na kuchagua zilizogeuka kwa namna yenye faida. Vita hivi havina siku ya mwisho, na anayeahidi mbegu isiyoshindika milele ama hajui au anauza kitu.

Kuhusu mbegu chotara, ambazo ndizo zinazosifiwa sana hivi sasa, kwetu zina mfano mzuri katika mahindi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa Kitale, Michael Harrison, alikwenda Amerika ya Kusini na ya Kati kutafuta mahindi, maana aliamini kwamba mahindi ya Kenya, ambayo yalitokana na mbegu chache za walowezi, yalikuwa yamekaribiana mno kiukoo. Miongoni mwa alivyovipata ni mahindi kutoka nyanda za juu za Ecuador, yaliyosajiliwa kwa namba 573. Hayakuwa na sifa ya kushangaza yalipopandwa peke yake. Yalipooanishwa na mahindi ya Kitale, uzao ulikuwa na nguvu iliyowapita wazazi wote wawili, na mwaka 1964 ikatolewa mbegu iitwayo H611, ambayo ilizidi mahindi ya awali ya Kitale kwa takribani asilimia 40 na ambayo wakulima wadogo wa nyanda za juu waliipokea kwa kasi iliyowashangaza hata mabwana shamba. Siri ilikuwa umbali wa wazazi. Hao wawili walikuwa hawajakutana kwa mamia ya miaka.

Mbona basi ngano haikufuata? Jibu limo ndani ya ua lake. Mhindi una kilele juu na gunzi kiunoni, dume mbali na jike, na kumzuia dume ni kazi ya mkono: kilele hukatwa, basi, na jike hungoja chavua ya jirani. Ua la ngano ni dogo mno, dume na jike wamo chumba kimoja, na aghalabu wamekwisha kuzaana kabla milango haijafunguka. Hata milango ikifunguka, ni kwa muda mfupi. Chavua ya ngano ni kidogo, haifiki mbali na haiishi muda mrefu. Tabia hii ya kujitosheleza ndiyo iliyomfaa mkulima wa kale, kwani mbegu aliyoweka akiba msimu huu ilizaa ileile msimu ujao. Na ndiyo inayomtesa anayetaka kuuza chotara.

Wajuzi wametafuta njia mbili. Moja ni dawa inyunyizwayo katika mistari ya jike ili kuliua dume bila kulidhuru jike, ambayo imetumiwa kibiashara hasa Ufaransa, na ambayo ikichelewa siku chache au mvua ikinyesha saa mbaya kazi yote huharibika. Nyingine ni ya urithi. Mwaka 1951 Mjapani Hitoshi Kihara alionyesha kwamba kiini cha ngano kikiwekwa ndani ya utomvu wa seli za nyasi fulani jamaa yake, dume huwa tasa. Na mwaka 1962 Wamarekani wawili, Wilson na Ross, wakapata utasa bora zaidi kutoka katika ngano iitwayo Triticum timopheevii, ambayo ilikuwa ikilimwa katika sehemu ndogo ya Georgia kwenye milima ya Kaukazi na pengine isingejulikana kamwe kama isingalikusanywa na watu wenye subira. Lakini utasa ni nusu ya kazi. Mkulima hauzi majani, huuza punje, na kwa hiyo mzazi wa kiume sharti abebe vinasaba vya kurudisha rutuba katika mtoto. Navyo katika ngano vimekuwa dhaifu, vingi, na wakati mwingine hukataa kutii hali ya hewa ikibadilika. Tangu siku zile kampuni kadhaa zimeingia kwa vishindo na kutoka kimyakimya.

Tuseme yote hayo yameshindwa na elimu, kama huenda yatashindwa. Faida ya chotara wa ngano katika majaribio huwa takribani sehemu moja kwa kumi juu ya wazazi, si haba kwa mwenye shamba la ekari elfu huko Ufaransa, wala si H611. Kisha kuna hesabu ya kiasi cha mbegu: hekta moja ya mahindi hutaka kilo 20 hadi 25, ilhali hekta ya ngano hutaka kilo 100 na zaidi, gunzi moja hutoa punje mamia, suke la ngano hutoa makumi, kwa hiyo mwuzaji wa chotara wa ngano hutumia gharama kubwa kupata mbegu chache, kisha humtaka mkulima anunue nyingi, tena kila mwaka, kwa sababu uzao wa pili wa chotara hutawanyika na kupoteza nguvu. Mkulima wa Makete mwenye ekari mbili, ambaye huweka debe la akiba juu ya jiko ili moshi uwafukuze mende na fukusi, ataombwa aiache ada hiyo kwa ajili ya nyongeza ambayo mvua moja mbaya huiondoa. Nami sioni kwa nini akubali.

Hii haina maana kwamba utafiti wa chotara ni upuuzi. Katika kuwatafuta wazazi wenye chavua nyingi na maua yanayofunguka, na katika kuzipanga ngano za ulimwengu kwa makundi ya karibu na ya mbali, watu hawa wamelazimika kuzifungua ghala za mbegu zilizosahauliwa, na wanayojifunza huko humfaa hata yule asiyenunua chotara kamwe. Linalonihuzunisha ni kuona nchi kama yetu ikishawishiwa kusubiri mwujiza wa dukani ilhali kazi ya kawaida ya kuoanisha, kuchagua na kugawa mbegu inakosa fedha.

Maana kazi hiyo ipo, na haikuanza jana. Kituo cha Selian huko Arusha na kile cha Uyole huko Mbeya vimetoa ngano ambazo majina yake ni ya kupendeza: Tausi, Mbayuwayu, Juhudi, Sifa. (Jirani zetu wa Kenya wamependelea wanyama wa nyika, Kongoni, Swara, Nyati, Tembo, sisi ndege wametutosha, na fadhila.) Nyingi zilitokana na wazazi waliopitia Mexico na Njoro, zikachaguliwa hapa kwa mvua yetu na udongo wetu. Ukitaka kuona kinyume cha busara hiyo, tazama yaliyopita Hanang: kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba saba makubwa ya ngano katika malisho bora ya Wabarabaig, yakalimwa kwa matrekta na mitambo ya kuvuna iliyotoka ng'ambo, na wenye ng'ombe wakasukumwa pembeni hata shauri lao likafika Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Mkate ulipatikana Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, sikatai. Lakini hesabu ya mkate huo haikuwahi kuandikwa pamoja na ya malisho yaliyopotea, na msaada ulipoondoka mashamba yakazorota, mengine yakaja kurudishwa kwa wananchi.

Kuhifadhi mbegu nako ni kazi isiyo na shangwe. Mrusi Nikolai Vavilov, aliyefika Ethiopia mwaka 1927 na kustaajabia wingi wa ngano za milima yake, alikusanya mbegu za dunia nzima huko Leningrad, kisha akafia gerezani Saratov mwaka 1943 kwa kutuhumiwa na watawala wa nchi yake mwenyewe; na wakati mji wa Leningrad ulipozingirwa na Wajerumani, kadhaa miongoni mwa wasaidizi wake walikufa kwa njaa huku wakizilinda ghala zilizojaa nafaka. Sisi tunayo ghala yetu ya taifa ya mbegu Ngaramtoni, nje ya Arusha, na nchi za kusini mwa Afrika zina ya pamoja Lusaka. Hazitajwi katika hotuba za bajeti ila kwa mstari mmoja.

Mtu akidhani kwamba ghala kama hizo ni makumbusho, na aifuatilie habari ya nyasi nyingine, Aegilops ventricosa, za nchi zinazozunguka Bahari ya Kati. Wafaransa waliziingiza katika ngano miaka mingi iliyopita ili kuzuia uozo wa kitako cha bua, ugonjwa wa nchi zao wenyewe. Baadaye ikagunduliwa kwamba kipande kingine cha kromosomu ya nyasi hizohizo kina kinga za kutu, kikaenezwa katika mbegu za CIMMYT kwa sababu hiyo. Kisha ukaja ugonjwa wa mlipuko wa ngano, ambao ulionekana kwanza Brazil mwaka 1985, nao hasa huingia katika suke na kulifanya jeupe na tupu kwa siku chache. Mwaka 2016 ukatokea ghafla Bangladesh na kuharibu kadiri ya hekta 15,000. Wataalamu walipopekua ngano zao kutafuta iliyosimama, wakakuta kinga ni kile kipande cha Wafaransa, ambacho hakuna aliyekiingiza kwa nia hiyo; na mwaka 2017 Bangladesh ikatoa mbegu iliyokibeba.

Maradhi hayo yalithibitishwa Zambia katika msimu wa mvua wa mwaka 2017 na 2018, wilayani Mpika. Husafiri kwa upepo, na husafiri pia ndani ya mbegu zilizofungwa magunia. Mpika ni stesheni ya reli ya TAZARA. Kutoka hapo reli huingia Tanzania kwa Tunduma, hupita Mbeya, katikati ya nyanda za ngano za kusini, na mwisho wake ni Temeke. Uyole imo njiani. Kipande cha Aegilops ventricosa kimo katika ngano nyingi za CIMMYT zinazoweza kuombwa bila malipo, na kukijaribu katika vitalu vya Mbeya, kando ya Tausi na Juhudi, kunahitaji misimu michache, mshahara wa mabwana shamba wachache na mafuta ya gari.